OAE au ABR, shimesikio au kipandikizi: kuchagua vipimo na tiba ya nyuropathi ya usikivu

Karatasi ya kwanza ni ya OAE, kipimo cha mwitikio wa sikio la ndani, na imeandikwa mtoto amepita masikio yote mawili. Ya pili ni ya ABR, kipimo cha umeme wa neva ya kusikia, na haina wimbi hata moja. Mstari umelala tu. Wazazi huuliza mashine ipi ni mbovu, na wengine hukimbilia hospitali ya tatu ili wapate kura ya kuamua. Mara nyingi hakuna mashine mbovu. Kila moja imepima kipande chake cha njia ya sauti, na kule kutokubaliana kwao ndiko kunakotoa jibu.

Hali hiyo ni nyuropathi ya usikivu. Arnold Starr na wenzake waliieleza kwa jina hilo mwaka 1996, baada ya kuchunguza wagonjwa 10. Mwaka 2008 wataalamu waliokutana Como, Italia, walikubaliana kuiita wigo, si ugonjwa mmoja, na ndiyo maana kwenye ripoti utakuta herufi ANSD, ambapo S ni "spectrum", yaani wigo. Makadirio hutofautiana, lakini yanayotajwa sana husema ni kama mtoto mmoja kati ya kumi wenye tatizo la kudumu la kusikia. Si hali adimu, basi. Ila ni rahisi kuikosa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: katika hali hii usichague tiba kwa kuangalia ni desibeli ngapi zimepotea. Chagua kwa kujua hitilafu iko wapi. Vipimo vyote nitakavyolinganisha hapa nitavipima kwa swali hilo.

Kwa ufupi, sauti ikifika ndani ya sikio hukutana na seli za aina mbili zenye vinyweleo. Seli za nje hukuza mtetemo. Seli za ndani huugeuza mtetemo kuwa ujumbe wa kemikali na kuukabidhi kwa neva ya kusikia kwenye kiungo kiitwacho sinapsi, kisha neva huupeleka kwenye shina la ubongo. Mwenye nyuropathi ya usikivu ana seli za nje zinazofanya kazi, lakini ujumbe haukabidhiwi, au unapita bila kushika wakati. Ni kwaya ambayo kila mmoja anapiga makofi kwa mapigo yake: kelele ipo, wimbo haupo. Ndiyo maana mtoto hugeuka mlango ukigongwa lakini haelewi unachomwambia, na penye kelele hali huwa mbaya zaidi.

OAE na ABR: kila kimoja kinaona nini

OAE imetokana na ugunduzi wa David Kemp wa London, mwaka 1978, kwamba sikio lenyewe hutoa sauti ndogo pale seli za nje zinapofanya kazi. Unachomeka kijipira sikioni, unasubiri dakika chache, umemaliza. Mashine inabebeka, muuguzi anafundishika haraka, na mtoto hahitaji dawa ya usingizi. Ubora wake wote huo unaishia kwenye seli za nje. Kinachotokea baada ya hapo OAE haikioni, kwa hiyo mtoto mwenye nyuropathi ya usikivu hupita na kurudishwa nyumbani na mama aliyetulizwa moyo.

ABR hupima umeme wa neva na shina la ubongo kwa elektrodi zinazobandikwa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. Wale waliosomea India huiita BERA; ni kitu kilekile. Inahitaji mtoto aliyelala fofofo, chumba kimya na mtu anayejua kusoma michoro. Inachukua muda zaidi na gharama yake ni kubwa zaidi.

Kwa mtoto aliyezaliwa salama kwa wakati wake, kuanza na OAE kunakubalika, mradi tujue tunachokiacha. Kwa mtoto njiti, aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyepata manjano makali hadi akabadilishiwa damu, OAE peke yake haitoshi hata kidogo. Kamati ya pamoja ya usikivu wa watoto wachanga ya Marekani ilishaelekeza mwaka 2007 kwamba waliolazwa wodi ya uangalizi maalumu zaidi ya siku 5 wachujwe kwa ABR. Kwetu pwani sababu ya kuzingatia hilo ni kubwa zaidi, kwa kuwa upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria, nao huongeza hatari ya manjano makali kwa wachanga. Na vile vidonge vya naftalini tunavyoweka kwenye nguo za mtoto ili zinukie vizuri vinaweza kuvunja damu ya mwenye upungufu huo. Nguo za mtoto zifuliwe, zianikwe juani. Naftalini ikae mbali.

ABR iliyopimwa nusu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapoandikiwa jibu lisilo lao.

Mashine ya ABR hupiga milio mifupi maelfu kwa maelfu na kuchukua wastani. Kila mlio unaweza kuanza kwa kusukuma kiwambo cha sikio ndani au kwa kukivuta nje. Hizo ndizo polariti mbili. Mashine nyingi huwekwa zipishanishe polariti, moja baada ya nyingine, kwa kuwa njia hiyo hupunguza uchafu wa umeme. Sasa, seli zenye vinyweleo nazo zina umeme wao, uitwao maikrofoniki ya koklea (koklea ndiyo sehemu ya sikio la ndani yenye seli hizo), unaofuata umbo la sauti yenyewe: ukigeuza polariti, nao hugeuka. Ukipishanisha, wa juu na wa chini hufutana. Mstari unalala, na mtoto anaandikiwa uziwi wa kawaida wa koklea, ilhali koklea yake ilikuwa inajibu muda wote.

Namna sahihi ni kupima milio ya kusukuma peke yake, kisha ya kuvuta peke yake, kwa sauti kubwa ya desibeli 80 hadi 90, halafu kulaza mchoro mmoja juu ya mwingine. Kwenye nyuropathi ya usikivu utaona mikunjo ya mwanzoni ikipishana, mmoja unapanda pale mwenzake unaposhuka, na baada yake kimya. Wimbi la neva halifanyi hivyo. Ukipunguza sauti, wimbi la neva huchelewa kutokea; maikrofoniki hubaki palepale na kufifia tu. Mwisho, mpimaji abane mrija wa spika ya sikioni ili sauti isifike. Mkunjo ukibaki hata hapo, huo ni umeme wa mashine, si wa mtoto. Ndiyo maana spika za kuchomeka zenye mrija ni bora kwa kazi hii kuliko zile za kufunika masikio.

Kosa la upande wa pili lipo pia: mpimaji anaona mikunjo ile ya mwanzoni, anadhani ni mawimbi ya kawaida, anaandika mtoto anasikia.

Kwa hiyo ukikabidhiwa ripoti ya ABR isiyo na mawimbi, swali la kumuuliza mtaalamu wa usikivu ni moja: mlipima kila polariti peke yake, na mrija mliubana? Si utovu wa adabu. Mtaalamu mzuri atafurahi kuulizwa, na kama haikufanyika, kurudia sehemu hiyo ni kazi fupi mtoto akiwa bado amelala.

OAE nayo isikufunge mikono. Maji nyuma ya kiwambo cha sikio yanatosha kuifuta, na kwa watoto wengi wenye nyuropathi ya usikivu hupotea yenyewe miaka inavyokwenda, hata wale ambao hawakuvaa kifaa chochote. Ikikosekana OAE lakini maikrofoniki ipo, jibu bado ni lilelile. Kipimo cha refleksi za misuli ya sikio la kati, yaani kujikaza kwake kwa sauti kubwa, kinachofanywa pamoja na timpanometri (kipimo cha mwendo wa kiwambo cha sikio), husaidia kuthibitisha: kwa wengi wao refleksi hazipo au huhitaji sauti kubwa kupita kawaida. Ni kipimo rahisi na cha haraka, na sijui kwa nini hurukwa.

ABR haikwambii anasikia kiasi gani

Kwa uziwi wa kawaida, ABR hutumika kukisia kiwango cha kusikia, na shimesikio, kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, huwekewa nguvu kwa kufuata makisio hayo. Kwa nyuropathi ya usikivu makisio hayo hayana maana. Mtoto mwenye ABR tupu anaweza kuwa karibu na kawaida kwenye odiogramu (mchoro wa sauti ndogo kabisa anazosikia), au asisikie kitu kabisa, au akawa popote katikati. Kumvisha kifaa chenye nguvu zote kwa sababu tu ABR haina mawimbi ni kumpigia kelele mtoto ambaye pengine anasikia milio vizuri.

Kinachobaki ni vipimo viwili vya kulinganisha. Cha kwanza ni cha tabia: mtoto amekaa mapajani kwa mama, mlio unatoka upande mmoja, akigeuka anaona mwanasesere anawaka. Hufaa kuanzia kama miezi 6 ya ukuaji. Kwa njiti hesabu kwa tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Cha pili ni mawimbi ya gamba la ubongo, ambayo hupimwa mtoto akiwa macho. Mawimbi haya ni ya polepole, hivyo huvumilia ujumbe usioshika wakati, na yanaweza kuonekana hata pale ABR ni tupu. Nikilazimika kuchagua, nachukua cha tabia, kinarudiwa kila baada ya miezi michache. Cha gamba ni msaada mkubwa kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kugeuza kichwa kwa hiari, na hao ni wengi miongoni mwa waliopata manjano makali.

MRI, CT na kipimo cha jeni

Kwa picha, MRI, ya sumaku, inashinda. CT, ya eksirei, huonyesha mfupa vizuri, pamoja na tundu linalopitisha neva, na tundu jembamba sana ni dalili. Lakini neva yenyewe huonekana kwenye MRI. Wapo watoto ambao vipimo vyao vyote vinafanana na nyuropathi ya usikivu, kumbe neva ni uzi mwembamba au haipo kabisa. Tatizo likiwa sikio moja tu, hilo liwe la kwanza kushukiwa. Mtoto atahitaji kulazwa usingizi, na wazazi wanaogopa hilo, nawaelewa. Hata hivyo sikubaliani na kufanya upasuaji wa kipandikizi, kifaa kinachowekwa ndani ya koklea kuichochea neva kwa umeme, bila picha hiyo, tena ifanyike kabla, kwa kuwa sumaku ya kipandikizi huleta vikwazo kwenye MRI za baadaye.

Kipimo cha jeni kina nafasi yake pale ambapo hakuna historia yoyote: mimba ya kawaida, uzazi wa kawaida, hakuna manjano, na mtoto hasikii tangu kuzaliwa huku OAE ipo. Hapo jeni la kwanza kutafutwa ni OTOF, lililotambuliwa mwaka 1999 na kundi la Christine Petit la Institut Pasteur, Paris. Jeni hili hutengeneza otoferlini, protini inayoziwezesha seli za ndani kumwaga kemikali kwenye sinapsi. Hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, nao wenyewe husikia vizuri, kwa hiyo tusianze kutafuta ni ukoo wa nani umeleta balaa.

Kuna aina ya OTOF inayonishangaza kila nikiisoma: mtoto husikia karibu kawaida, ila homa ikipanda usikivu unazimika, homa ikishuka unarudi. Kwenye nchi za malaria mzazi akisimulia hivyo lawama huenda kwa kwinini, na ni kweli kwinini huvuruga masikio kwa muda. Lakini kama mtoto hakupewa kwinini na jambo linajirudia kila homa, liandikwe kwenye faili na daktari wa masikio aambiwe.

Kabla ya kuingia kwenye tiba, hivi ndivyo hitilafu na matarajio vinavyopangana:

| Hitilafu iko wapi | Dalili za vipimo | Kipandikizi cha koklea |
|---|---|---|
| Sinapsi (OTOF) | OAE ipo utotoni, MRI safi, hakuna historia ya uzazi mgumu | Matokeo kwa kawaida mazuri |
| Neva nyembamba au haipo | MRI ndiyo inayofichua. Mara nyingi sikio moja | Matokeo kwa kawaida hafifu |
| Neva iliyochakaa (magonjwa ya kurithi ya neva kama Friedreich na Charcot-Marie-Tooth) | Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, pamoja na udhaifu wa viungo | Matokeo hutofautiana sana |
| Njiti, manjano, kukosa hewa | Vipimo hubadilika katika miezi ya mwanzo | Hutofautiana. Subiri vipimo vitulie |

Kusubiri au kuanza

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio mgumu kwa wazazi. Utafiti uliochapishwa kutoka Cincinnati mwaka 2002 ulieleza watoto ambao usikivu wao ulipanda wenyewe, na tangu hapo vituo vingi vimekuwa makini kutopandikiza mapema kwa watoto wa manjano na njiti. Wengi husubiri hadi kama miezi 18, vipimo vikiwa vimetulia. Mtoto wa OTOF hana sababu ya kusubiri hivyo. Kwake hakuna ahueni ya kungojea, na kila mwezi bila lugha ni hasara.

Tofautisha kusubiri upasuaji na kusubiri lugha. La pili halikubaliki kwa mtoto yeyote. Lugha ya alama ianze nyumbani siku ileile jibu linapotoka, iwe Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT) kwa walio Tanzania au Lugha ya Ishara kwa walio Kenya, ambako Katiba ya 2010 imeifanya moja ya lugha rasmi za Bunge. Sijawahi kuona hoja ya maana inayoonyesha kwamba ishara humzuia mtoto huyu kujifunza kusema. Usikivu wake unaweza kupanda na kushuka ndani ya wiki moja, naye anahitaji njia ambayo haishuki.

Shimesikio au kipandikizi

Hapa tafiti zimepigana kweli. Gary Rance na wenzake wa Melbourne walionyesha mwaka 2002 kwamba karibu nusu ya watoto wenye nyuropathi ya usikivu walifaidika na shimesikio, na kuelewa kwao maneno kulilingana na kwa watoto wenye uziwi wa kawaida wa kiwango hichohicho. Waliofaidika ndio waliokuwa na mawimbi ya gamba la ubongo. Wengine hawakuwa nayo. Mwaka 2010 kundi la Charles Berlin, aliyefanya kazi yake kubwa New Orleans, lilikusanya wagonjwa 260 kutoka vituo mbalimbali na kuja na picha nyingine kabisa: waliopata nafuu ya maana kwa shimesikio walikuwa kama asilimia 15, ilhali kwa kipandikizi ilikuwa kama asilimia 85.

Nusu na asilimia 15 haziwezi kukaa meza moja bila kuulizana. Nionavyo mimi, tofauti iko kwenye nani aliyepimwa na namna gani. Melbourne walipima watoto wenyewe, kwa maneno, masikio yao yakiwa yamewekewa kifaa kwa odiogramu ya tabia. Takwimu za 260 zilikusanywa kutoka kwenye mafaili, na watu wanaofika kwenye vituo vya rufaa mara nyingi ni wale ambao shimesikio ilishawashinda. Rance aliporudi mwaka 2008 na kulinganisha watoto wenye shimesikio na wenye kipandikizi, makundi mawili yalikaribiana. Utafiti mkubwa wa watoto wa Australia, LOCHI, nao ulikuta mwaka 2013 kwamba wakiwa na miaka 3, wenye ANSD waliohudumiwa ipasavyo hawakuwa nyuma ya viziwi wengine wenye vifaa.

Hakuna hata mmoja kati ya tafiti hizi uliogawa watoto kwa bahati nasibu, na mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2013 kuhusu kipandikizi yalisema wazi kwamba ushahidi ni dhaifu. Kwa hiyo akikuhakikishia mtu kwamba kimoja ni bora kwa watoto wote, muulize ameutoa wapi uhakika huo.

Ninachokiona cha busara ni kuanza na shimesikio kwa mtoto ambaye odiogramu ya tabia inaonyesha upungufu, kwa nguvu inayolingana na odiogramu hiyo, na kumpa miezi kadhaa ya kuvaa kwa dhati. Kisha mpime kwa maneno. Je, anatofautisha "baba" na "mama" bila kukutazama mdomo? Anaitika jina lake chumba kikiwa na redio? Kama desibeli zimepanda lakini maneno hayaji, shimesikio imefikia mwisho wake, kwa sababu kuongeza sauti hakurekebishi wakati. Mazungumzo ya kipandikizi yaanze hapo, hata kama odiogramu yake si ya uziwi mkubwa. Hapo ndipo hali hii inapotofautiana na uziwi wa kawaida, ambao mara nyingi huruhusiwa kupandikizwa kwa kigezo cha desibeli.

Kipandikizi huruka seli na sinapsi na kuichochea neva moja kwa moja kwa umeme, na umeme huo huweza kuilazimisha neva ishike wakati. Ndiyo siri ya matokeo mazuri ya OTOF. Kundi la North Carolina lilichapisha mwaka 2010 habari za watoto 140 wenye ANSD, ambao 52 kati yao walipandikizwa: kama nusu ya waliopandikizwa waliweza kutambua maneno bila kusoma midomo, na walioshindwa zaidi ni wale wa neva nyembamba. Rudi kwenye MRI.

Gharama ya kipandikizi haiishii chumba cha upasuaji. Kuna kifaa cha nje kinachochakaa, betri, safari za kurekebisha programu, na miaka ya mazoezi ya kusema. Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2017, jambo lililopunguza safari za India, lakini familia ya Kigoma bado ina safari ndefu kila programu inapohitaji marekebisho. Chanjo ya kinga dhidi ya nimokoka ikamilike kabla ya upasuaji, kwa kuwa mwenye kipandikizi yuko kwenye hatari zaidi ya homa ya uti wa mgongo.

Maikrofoni ya mwalimu

Hiki ndicho kifaa kinachosahaulika kuliko vyote. Mwalimu anavaa maikrofoni karibu na mdomo, mtoto ana kipokeo sikioni, na sauti ya mwalimu inafika bila kuchanganyika na ya darasa. Mwaka 2010 Rance na wenzake walionyesha kwamba watu wenye ugonjwa wa Friedreich waliboreka kwa mfumo wa namna hii, wakati wengi wao odiogramu zao zilikuwa karibu na kawaida.

Fikiria darasa la mabati mvua ikinyesha, wanafunzi wengi. Mtoto mwenye nyuropathi ya usikivu ya kadiri, aliyepita vipimo vyote vya kijijini, anaitwa mtukutu na asiyesikiliza. Shimesikio itamwongezea mwalimu na mvua kwa pamoja. Maikrofoni itamwongezea mwalimu tu. Kwa mwanafunzi wa aina hiyo ningeanza na maikrofoni kabla ya kufikiria kitu kingine, pamoja na kiti cha mbele na mwalimu anayeandika ubaoni anachokisema.

Kipandikizi au tiba ya jeni

Mwezi Januari 2024 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya hospitali ya macho, masikio, pua na koo ya Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai: watoto 6 wenye hitilafu ya OTOF walidungwa jeni lisilo na hitilafu ndani ya sikio moja, na 5 kati yao vizingiti vyao vya ABR, yaani sauti ndogo kabisa inayojibiwa, vikashuka kwa wastani wa desibeli 40 hadi 57. Jeni la OTOF ni refu mno kwa kirusi kimoja cha kubebea, kwa hiyo hugawanywa vipande viwili, kila kimoja kwenye kirusi chake, vikaungana ndani ya seli. Oktoba 2025 jarida la New England lilitoa matokeo ya dawa ya kampuni ya Regeneron kwa washiriki 12: baada ya wiki 24, washiriki 9 walifikia kiwango kilichowekwa, na 3 walifika usikivu wa kawaida.

Ukiviweka ubavu kwa ubavu, tiba ya jeni humpa mtoto usikivu wa asili, bila kifaa cha kuchaji na kuvua wakati wa kuoga. Kipandikizi kina miongo ya watumiaji nyuma yake. Tiba ya jeni haijafikisha miaka ya kutosha kujua kama nguvu yake hudumu hadi utu uzima, na haimhusu kabisa mtoto wa manjano, wa neva nyembamba au wa Friedreich. Ni kwa OTOF tu, na OTOF ni sehemu ndogo ya wigo wote. Waya wa kipandikizi ukishaingia kwenye koklea unaweza kuharibu seli ambazo tiba ya jeni ingezihitaji. Ndiyo sababu baadhi ya familia huchagua kupandikiza sikio moja na kuliacha la pili. Kwa mtoto wa OTOF aliye Dar es Salaam au Mombasa, asiye na njia ya kuingia kwenye utafiti huo, ningepandikiza sikio moja mapema na kuliacha jingine. Nisingemweka bila lugha nikisubiri dawa ifike.

Ukipata nafasi ya utafiti, utaombwa ripoti ya jeni inayotaja mabadiliko kwenye nakala zote mbili za OTOF, MRI inayoonyesha neva, na fomu ya ridhaa yenye maelezo ya miaka ya ufuatiliaji. Kwa kawaida mfadhili wa utafiti ndiye anayelipia dawa. Atakayekutumia ujumbe wa WhatsApp akitaka malipo ya awali kwa "tiba ya jeni" au sindano ya seli shina ya masikio, bila kuuliza hata ripoti moja kati ya hizo, hana utafiti wowote.